Safari ya matembezi nje ya nchi wakati wa janga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nakatisha tiketi Dar es Salaam, na maswali haya nimeyajibu kaunta na kwenye WhatsApp tangu Machi 2020. Shirika la Afya Duniani lilifuta dharura ya korona tarehe 5 Mei 2023, lakini simu hazikukoma. Ebola ilipozuka Uganda mwaka 2022, Marburg ilipofika Kagera 2023 na Rwanda 2024, na mpox ilipotangazwa dharura Agosti 2024, watu walirudi na maswali yale yale. Mifano mingi hapa ni ya korona kwa sababu huko ndiko tulikojifunza, na somo tulililipia.

Ninachozungumzia ni safari ya starehe, ile unayoweza kuiahirisha. Msiba na matibabu vina hesabu nyingine.

## Kabla hujatoa hata shilingi

1. Safari "inayobadilika" maana yake sipotezi kitu?

Hapana. Maana yake unajua ukisema leo "siendi" utapoteza kiasi gani. Wengi hawajui. Wanajua jumla ya safari, lakini hawajui kilichokwisha kufungwa na ambacho bado kinarudi.

Chukua daftari. Kila malipo mstari wake, na mbele yake andika tarehe na saa ambayo baada yake pesa hairudi. Tuseme ninyi wawili mnakwenda Dubai tarehe 14 Juni. Tiketi mbili dola 1,100, kubadilisha tarehe dola 100 kila moja, mwisho saa 24 kabla ya ndege. Viza ikishalipiwa hairudi. Hoteli dola 420, bure kuacha hadi tarehe 12 saa sita usiku, baada ya hapo mnakatwa usiku mmoja, dola 70. Safari ya jangwani dola 90, hairudi kabisa. Mkiahirisha tarehe 1 Juni, hasara ni dola 200 za tiketi, 90 za jangwani na pesa ya viza. Mkiahirisha tarehe 13 asubuhi, inaongezeka 70 ya hoteli. Mkikaa kimya hadi ndege iondoke bila ninyi, basi huenda tiketi zote mbili zimekwenda na maji.

Ukishaona namba hizo kwa macho yako, nusu ya maswali yaliyobaki humu utayajibu mwenyewe.

2. Bei iko chini leo. Nikate au nisubiri?

Kata kama masharti ya tiketi yanaruhusu kubadilisha tarehe (swali la 5). Kama ni nauli ya promosheni isiyogusika, subiri, hata kama roho inauma. Wakati wa janga bei nzuri hurudi, maana ndege zinaruka nusu tupu na mashirika yanatafuta abiria.

Utaratibu ninaowashauri watu: anza na vinavyorudi, malizia na visivyorudi. Hoteli ya kuacha bure hata miezi mitatu kabla. Tiketi inayobadilishika baadaye. Viza utakapokuwa na uhakika wa wiki ya safari. Tiketi za makumbusho, mashua na jangwani nunua ukiwa umeshafika, na kama nafasi zimekwisha, panda basi uzunguke mji.

3. Nichague nchi gani?

Kabla ya kuangalia picha za ufukwe, angalia ndege. Mji unaofikiwa na mashirika manne au matano kutoka kwetu ni salama kuliko kisiwa chenye ndege mbili kwa wiki, kwa sababu moja ikifutwa unayo nyingine ya kukimbilia. Kisha angalia nchi hiyo ilivyojifunga mara iliyopita. Dubai ilipokea watalii tena tarehe 7 Julai 2020. Shelisheli ilifungulia karibu dunia nzima tarehe 25 Machi 2021. Morisi ilifungua kikamilifu tarehe 1 Oktoba 2021 tu. Sisemi Morisi walikosea, afya yao ni yao, ila aliyelipa hoteli ya Morisi mapema 2020 bila haki ya kurudishiwa alisubiri sana.

4. Masharti yakibadilika, nitapewa notisi ya muda gani?

Mfupi mpaka ushangae. Tarehe 2 Aprili 2021 Uingereza ilitangaza kuiweka Kenya kwenye orodha nyekundu, ile ya nchi ambazo wasafiri wake walizuiwa au kuwekwa karantini ya hoteli, kuanzia tarehe 9. Watu walipata wiki nzima, na hapo ndipo bei za tiketi za kurudi London zilipopaa. Marekani ilitangaza tarehe 2 Desemba 2021 kwamba kipimo kisizidi siku moja kabla ya safari badala ya siku tatu, sharti likaanza tarehe 6. Na Omikroni ilipojitokeza, Uingereza ilitangaza jioni ya tarehe 25 Novemba 2021, na kufikia saa sita mchana kesho yake nchi sita za kusini mwa Afrika zilikuwa zimefungiwa.

Kwa hiyo soma masharti siku unapokata, wiki moja kabla, siku tatu kabla, na asubuhi ya safari. Soma kwenye tovuti ya serikali ya nchi unayokwenda na ya shirika la ndege. Video ya TikTok ya mwezi uliopita haihesabiki, hata kama aliyeirekodi ni binamu yako. Kaunta ya uwanja wa ndege hutumia mfumo unaoitwa Timatic. Muombe wakala wako akusomee kinachoandikwa humo, maana ndicho kitakachokupitisha au kukurudisha nyumbani na masanduku yako.

## Tiketi, hoteli na njia ya kulipa

5. Tiketi imeandikwa "kubadilisha bila adhabu". Nimesalimika?

Nusu. Kilichofutwa ni adhabu. Tofauti ya nauli utalipa. Ulikata kwa dola 480, tarehe mpya inauzwa dola 720, unaongeza 240 na hakuna wa kumlaumu.

Uliza mambo manne na ujibiwe kwa maandishi: naweza kubadilisha mara ngapi, mwisho saa ngapi kabla ya ndege, naweza kubadilisha mji au tarehe tu, na safari mpya lazima niimalize kabla ya tarehe gani. La nne ndilo linalowaumiza watu. Tiketi nyingi zina uhai wa mwaka mmoja, na janga halijui hilo.

Kingine: "inabadilishwa" na "inarejeshwa" ni vitu viwili. Hata hivyo, tiketi isiyorejeshwa mara nyingi ina kodi za uwanja ambazo hukuzitumia. Ziombe. Usipoomba, hakuna atakayekukumbusha.

6. Naona kabisa ndege itafutwa. Nikatize mapema?

Usiwe wa kwanza kukatiza. Shirika likifuta ndege, kwa kawaida una haki ya kudai pesa yako. Ukijitoa mwenyewe siku moja kabla, unaangukia kwenye masharti ya tiketi yako, na pengine unaambulia kodi tu. Subiri hadi karibu na saa ya mwisho ya kubadilisha (iko kwenye daftari lako), halafu uamue.

7. Wamefuta ndege, wananipa vocha. Nichukue?

Kama unajua utasafiri ndani ya muda wa vocha na shirika lina hali nzuri, chukua, hasa wakiongeza kidogo juu. Kama sivyo, dai pesa. Kwa ndege inayoondoka Umoja wa Ulaya, au inayoingia huko ikiwa ni ya shirika la huko, kanuni namba 261 ya mwaka 2004 inataka nauli irudishwe ndani ya siku 7, na vocha iwe kwa ridhaa ya abiria iliyotiwa saini. Mwaka 2020 siku hizo 7 zilikuwa miezi kwa wengi, lakini waliokuwa na haki hiyo mkononi walipata pa kusimamia.

Usibonyeze "nakubali" kwenye barua pepe kabla hujaisoma hadi chini.

8. Ninunue kwa wakala au mtandaoni kwenye shirika lenyewe?

Mimi ni wakala, kwa hiyo pima maneno yangu. Ukinunua kwenye tovuti ya shirika, pesa hurudi moja kwa moja kwako. Ukinunua kwa wakala, shirika humrudishia wakala, naye ndiye anakulipa. Wakala mwaminifu atakupa siku hiyo hiyo, mwingine atakuimbia "njoo kesho" hadi viatu viishe soli. Faida ya wakala ni kwamba usiku ambao laini ya shirika inalia muziki kwa saa tatu, kuna mtu mwenye jina na mlango unaweza kuugonga.

Ninachokushauri uepuke ni tovuti ya nchi ya mbali isiyo na ofisi wala simu, iliyo nafuu kwa dola 15.

9. Nilipe kwa kadi au kwa simu?

Kadi, kama unayo. Muuzaji akigoma, benki inaweza kukufungulia madai ya kurudishiwa. Pesa uliyotuma kwa namba ya simu ya mtu binafsi umeshaiaga. Na kadi uliyolipia usiifunge hadi kila kitu kirudi, kwa sababu marejesho hurudi pale pale yalikotoka.

10. Hoteli inasema "kuacha bure hadi tarehe 12". Tarehe 12 ya wapi?

Ya hoteli. Dubai wako saa moja mbele yetu: kwao ikigonga saa sita usiku, kwetu ni saa tano. Mteja wangu mmoja alibonyeza saa tano na robo akiwa amejilaza kitandani, akidhani ana dakika 45 mkononi. Alikatwa usiku mzima.

Tukiwa kwenye saa: tiketi ikiandika 02:10, hiyo ni saa nane na dakika kumi usiku, siyo saa mbili. Na ndege ya saa 00:30 tarehe 15 inakutaka uwanjani usiku wa tarehe 14. Nalirudia hili kila wiki na bado watu wanaachwa.

## Vipimo, chanjo na makaratasi

11. Wanataka kipimo cha "ndani ya saa 72". Nipime lini?

Kwanza jua saa zinahesabiwa kutoka wapi hadi wapi. Nchi nyingi zilihesabu tangu sampuli ilipochukuliwa, hazikujali jibu lilitoka lini. Mwisho wa hesabu ni pale ndege inapoondoka kwa baadhi ya nchi, na pale unapotua kwa nyingine; ukiunganisha ndege, tofauti hiyo inaweza kufika saa 12.

Chukua ndege ya Jumamosi saa kumi na dakika 45 jioni. Saa 72 nyuma ni Jumatano saa kama hiyo. Anayepima Jumatano saa kumi na moja jioni yuko ndani, lakini kwa nywele tu. Pima Alhamisi saa tatu asubuhi: hadi ndege iondoke zitakuwa zimepita saa 55 na dakika 45, na ndege ikichelewa hata saa kumi bado upo.

Nilimsindikiza mama mmoja uwanjani aliyejiwahi mno ili jibu lisichelewe. Kijana wa kaunta alichukua karatasi, akaweka kidole kwenye saa ya sampuli, akaanza kuhesabu kwa vidole vya mkono mwingine: Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Ndege ilikuwa imesogezwa mbele saa mbili. Akahesabu tena, akamwita mwenzake, mwenzake naye akahesabu. Zilizidi dakika 40. Yule mama hakupiga kelele. Alikaa juu ya sanduku lake, akavua viatu.

12. Jina kwenye cheti limetofautiana herufi moja. Ni tatizo?

Ndiyo. Pasipoti inasema Ali, cheti kinasema Ally. Mohamed amekuwa Mohammed, jina la babu limeachwa. Kwetu ni mtu yule yule, lakini kwa mashine ni wawili. Peleka pasipoti maabara, mwache karani anakili kutoka kwenye pasipoti, na usome kabla hujaondoka dirishani. Namba ya pasipoti iwepo pia.

13. Nimechanja. Kwa nini cheti changu kinakataliwa?

Kuna maswali mawili yanayochanganywa: je, nchi ile inaitambua chanjo? Na je, inakitambua cheti cha nchi yako? Dozi za AstraZeneca zilizofika Kenya Machi 2021 kwa COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, zilitengenezwa India kwa jina la Covishield. Cheti cha kidijitali cha Umoja wa Ulaya kilipoanza tarehe 1 Julai 2021, Covishield haikuwa kwenye orodha ya mamlaka ya dawa ya Ulaya, ingawa nchi kadhaa ziliikubali zenyewe. Septemba mwaka huo Uingereza iliitambua AstraZeneca, lakini vyeti vilivyotolewa Kenya ikawa bado haijavikubali. Watu walilalamika, na walikuwa na haki.

Kwa safari yako: usipange kwa kutegemea chanjo peke yake. Tenga pesa ya kipimo hata kama cheti kinasema huhitaji.

14. Nimepona kabisa, kipimo bado kinasoma nina ugonjwa. Nifanye nini?

PCR, kile kipimo cha maabara, hunasa mabaki ya kirusi, na mabaki yanaweza kukaa mwilini wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Baadhi ya nchi zilikubali ushahidi wa kupona: Marekani siku 90 tangu kipimo cha kwanza, Umoja wa Ulaya hadi siku 180. Kwa hiyo ile karatasi ya siku ulipougua usiitupe, na omba barua ya daktari yenye tarehe. Kama nchi unayokwenda haikubali, ahirisha. Kujipima kila siku ukiomba jibu libadilike ni kumtajirisha mwenye maabara.

15. Na kadi ya njano?

Hiyo ni ya homa ya manjano, ilikuwepo kabla ya korona na bado ipo. Huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu tarehe 11 Julai 2016 ni ya maisha yote. Anayekuuzia mhuri bila sindano anakuuzia kesi.

## Bima na akiba

16. Bima ya safari si itanilipa nikikatiza?

Inategemea kwa nini umekatiza. Ukiugua kabla ya kuondoka na daktari akaandika, mara nyingi ndiyo. Nchi ikifunga mipaka, soma sana, maana sera nyingi ziliondoa magonjwa ya mlipuko, na nyingine haziwajibiki kwa jambo lililokuwa limeshajulikana siku uliponunua. Ukiogopa tu, hapana. Ndugu zetu wa Marekani wanaweza kununua aina inayoruhusu kukatiza kwa sababu yoyote. Kwa kawaida hurudisha asilimia 50 hadi 75 na lazima inunuliwe siku chache baada ya malipo ya kwanza.

Bima ya viza ya Schengen, ile ya angalau euro 30,000, ni ya matibabu na kurudishwa nyumbani. Watu wengi hudhani inalinda na tiketi. Usidhani, soma. Kuna pia kinga za mashirika: Julai 2020 Emirates ilianza kuwapa abiria wake bure gharama za matibabu ya korona hadi euro 150,000, na euro 100 kwa siku za karantini hadi siku 14. Mambo kama hayo huja na kuondoka, kwa hiyo angalia kama bado yapo siku unayokata.

17. Nibebe akiba kiasi gani ya kukwama?

Siku 10 za kulala na kula mahali pa bei ya chini kabisa unapoweza kuvumilia, pamoja na vipimo viwili na tofauti ya nauli. Mwaka 2021 karantini ya hoteli Uingereza ilianza kwa pauni 1,750 kwa mtu mzima. Kama akiba hiyo huna, safari bado haijaiva.

## Mambo yakienda kombo

18. Naunganisha ndege tu, sitoki uwanjani. Masharti ya nchi ya katikati yananihusu?

Yanaweza. Tarehe 25 Desemba 2021 Falme za Kiarabu zilisimamisha abiria kutoka Kenya, Tanzania, Ethiopia na Nigeria, na waliokuwa wakipita Dubai tu kwenda kwingine walikwama pamoja na waliokuwa wakienda kununua dhahabu. Kingine, orodha nyekundu ya Uingereza iliangalia ulikopita siku 10 zilizotangulia, hata kama ulikaa tu uwanjani. Oktoba 2022 Marekani iliwaelekeza viwanja vitano maalumu abiria waliokuwa Uganda katika siku 21 zilizopita. Kwa hiyo ule mlo wa harusi Kampala wiki mbili kabla ya safari nao ni sehemu ya safari.

Na nunua tiketi moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiwa na mbili tofauti, ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halikujui.

19. Tuko watano, mmoja amekutwa na ugonjwa siku ya kurudi.

Amueni hili nyumbani: nani anabaki naye, nani anarudi na watoto. Omba wakala akate wanaobaki na wanaorudi kwenye rekodi tofauti za tiketi (booking) tangu mwanzo, maana kuigawa rekodi ya watu watano usiku wa manane kwa simu ni kazi. Mtoto asiachwe kwenye rekodi ya peke yake. Gharama za kubaki ziko swali la 17.

20. Nchi yetu wenyewe ikifunga nikiwa nje?

Tazama jirani zetu: Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa tarehe 25 Machi 2020 na kuzifungua tarehe 1 Agosti. Walioingia siku zile za mwisho walipelekwa karantini kwa gharama zao. Na ufunguzi nao una vituko vyake: siku hiyo hiyo ya Agosti, Tanzania iliizuia Kenya Airways kwa sababu Tanzania yenyewe haikuwa kwenye orodha ya nchi zilizokubaliwa na Nairobi. Mvutano uliisha Septemba.

Kabla ya kuondoka, hifadhi namba ya ubalozi wetu wa nchi unayokwenda, na angalia viza yako inaisha siku ngapi baada ya tarehe ya kurudi. Viza inayoisha siku ile ile unayorudi ni fupi mno.

21. Naishi Oman, nataka kuja Zanzibar kupumzika wiki mbili. Nianze wapi?

Anza na kurudi, siyo kuja. Kuja nyumbani mara nyingi kutafunguka. Swali ni kama kibali chako cha kuishi huko kitakuingiza tena, na kwa masharti gani, ukitokea Tanzania. Muulize mwajiri kwa maandishi kama siku za karantini zitahesabiwa likizo. Ukishapata majibu hayo mawili, rudi swali la 1 na daftari lako.

22. Kila kitu kiko sawa, lakini mama hataki niende.

Hiyo haimo kwenye Timatic. Angalia tarehe yako ya mwisho ya kubadilisha bila hasara, umwambie mama tutaamua siku hiyo.